Kanuni za Shahada ya Uzamili na Utafiti wa Kiswahili cha Njia ya Misafara: Mfano wa Tabora

Vitabu vingi vya historia ya Kiswahili huanzia pwani na kuishia pwani. Lahaja za Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja zimekuwa zikielezwa na wataalamu tangu karne ya 19. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi. Bara hupewa aya moja au mbili: kwamba misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikifikisha Kiswahili Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kisha wakaja Wajerumani, wamisionari na shule. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi. Yanaihesabu lugha kama bidhaa iliyopita njiani, ilhali watu wengi waliokuwa wakiizungumza hawakupita tu. Walijenga, walioa, walilima na kuzeeka huko huko.

Pengo hilo likizibwa, litazibwa na nani? Wahadhiri ni wachache na wamezongwa na ufundishaji. Miradi mikubwa, kama ule wa Lugha za Tanzania ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilielekeza nguvu zake, kwa haki kabisa, katika lugha nyingine za jamii ambazo hazikuwa na kamusi wala sarufi. Anayebaki ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili: yule anayesoma kozi darasani kwa mwaka mmoja hivi, kisha akaandika tasnifu. Ndiye anayepanda treni kwenda Tabora, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, akiwa na kinasasauti na barua ya chuo. Kwa sababu hiyo kanuni zinazomwongoza mwanafunzi huyu si jambo la ofisi ya usajili peke yake. Zinaamua ni kitu gani kitakachojulikana kuhusu Kiswahili cha bara, na ni kitu gani kitakachozikwa na wazee wanaokijua.

Katikati ya karne ya 19 Unyanyembe ilikuwa njia panda. Njia kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo hadi Kaze, makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili karibu na mji wa Tabora wa leo. Kutoka hapo tawi moja lilielekea magharibi hadi Ujiji na jingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe walilokaa limehifadhiwa kuwa makumbusho. Hata hivyo, walioifanya njia hiyo iwe njia ni Wanyamwezi wenyewe, wapagazi walioshuka pwani na kurudi kwao mwaka baada ya mwaka. Muhammad bin Juma, babake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mwanaisimu akiitazama ndoa hiyo haoni siasa ya biashara tu. Anaona pia nyumba yenye lugha zaidi ya moja. Baadaye wakaongezeka Wamanyema wenye asili ya mashariki ya Kongo, waliokaa Ujiji, Tabora na hata Dar es Salaam. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa njia ambayo tayari ilikuwa na lugha yake.

Kiswahili sanifu chenyewe kina deni huko. Neno ikulu limetokana na lugha za kanda hiyo, Kinyamwezi na Kisukuma, ambako lilikuwa jina la makao ya mtemi. Mtemi mwenyewe ameingia kamusini kutoka huko huko. Maneno kama haya yanajulikana. Yasiyojulikana ni mengi zaidi, na ndiyo yanayomsubiri mwanafunzi.

Shida ya kwanza ya mwanafunzi huyo imo katika neno moja, nalo ni tasnifu. Kanuni za masomo ya juu katika vyuo vikuu vya Tanzania huandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo shahada yenyewe hufundishwa na kuandikwa kwa Kiswahili. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Kiingereza hicho hutumia istilahi mbili: moja kwa andiko la mwanafunzi aliyesoma kozi na ambalo ni sehemu tu ya shahada yake, nyingine kwa andiko la mtu ambaye shahada yake yote ni utafiti, awe wa uzamili au wa uzamivu. (Wamarekani huzitumia istilahi hizo hizo kinyume chake, jambo linalomvuruga zaidi msomaji wa vitabu vyao.) Kiswahili kimezikusanya zote mbili katika tasnifu. Hata jina la shahada halijatulia: wengine husema uzamili, wengine umahiri.

Tofauti hii ya istilahi si ya mapambo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba ataandika tasnifu huenda maktaba na kuzitazama tasnifu zilizopangwa humo. Huchukua ile nene kuliko zote, ambayo aghalabu ni ya uzamivu, iliyochukua miaka minne au mitano, na kuifanya kielelezo. Kisha huandika kwenye fomu yake mada kama "Kiswahili cha Tabora" au "Athari za Kinyamwezi katika Kiswahili". Mada hizo ni nzuri mno. Zingewatosha watafiti watatu kwa miaka kumi.

Kanuni zenyewe zina kipimo, ila huwa hazisomwi kwa jicho hilo. Kwa mujibu wa mfumo wa tuzo za vyuo vikuu uliotolewa mwaka 2012 na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Jumla ni saa 1,800, zikiwamo za darasani, maktabani, mitihani na tasnifu. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, tasnifu imepewa theluthi moja, yaani saa 600. Kusoma maandiko yaliyotangulia na kuandaa pendekezo la utafiti kutakula saa 150. Safari, kujitambulisha na kukusanya data, saa 100. Kurekodi saa 20 za mazungumzo si kazi kubwa, lakini kunukuu saa moja ya mazungumzo ya watu wanaokatizana maneno huweza kuchukua saa sita. Hizo tayari ni saa 120. Uchambuzi ukipewa saa 100, uandishi na masahihisho yote hubakiwa na saa 130. Hakuna saa iliyosalia kwa ajili ya "Kiswahili cha Tabora".

Viongozi wa misafara waliijua hesabu ya namna hii. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kuwa frasila mbili hivi, na frasila ni kama kilo 16. Aliyezidishiwa aliutua porini na kutoroka. Mwanafunzi hatoroki. Huomba kuongezewa muda, halafu huomba tena, na mwisho jina lake hubaki kwenye orodha ya wasiomaliza.

Swali linaloenea katika saa 600 si swali dogo kwa thamani. Kinyamwezi, kama walivyokieleza Clement Maganga na Thilo Schadeberg katika sarufi yao ya mwaka 1992, kina irabu saba na mfumo wa toni. Kiswahili kina irabu tano na hakina toni. Je, mzee wa Isevya aliyejifunza Kiswahili baada ya Kinyamwezi hutamkaje irabu za Kiswahili, na mjukuu wake aliyeanza na Kiswahili hutamkaje? Wazungumzaji kumi na wawili, orodha moja ya maneno na masimulizi mafupi vinatosha kutoa jibu la awali ambalo hakuna anayeweza kulipuuza. Au lichukuliwe neno hongo. Katika karne ya 19 lilikuwa jina la ushuru aliotozwa mwenye msafara ili apite katika nchi ya mtawala fulani, na wasafiri waliopita Ugogo wamelalamika sana juu yake. Leo ni rushwa. Neno hilo lilivuka lini kutoka ushuru wa halali hadi malipo ya haramu, na nani aliyelivusha: msafiri aliyeona ananyang'anywa, au mpokeaji aliyeanza kupokea kwa siri? Data zipo katika maandishi: tawasifu ya Tippu Tip iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, mkusanyo wa safari za Waswahili uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, kamusi za zamani, kisha magazeti. Mwanafunzi wa swali hili anaweza hata asilale Tabora usiku mmoja, na bado akaifaa Tabora.

Kanuni za kozi hazihitaji maelezo marefu. Katika vyuo vingi vya Tanzania alama C, ambayo humfaulisha mwanafunzi wa shahada ya kwanza, haimfaulishi wa uzamili. Anayeanguka hurudia mtihani, na anayeanguka tena huweza kusimamishwa masomo. Kozi ya mbinu za utafiti ndiyo ya kuangaliwa, kwa kuwa mara nyingi hufundishwa kama somo la kukariri aina za sampuli, na mwanafunzi hufika Kwihara akijua tofauti ya sampuli nasibu na sampuli kusudio lakini hajui pa kukiweka kinasasauti.

Kibali cha utafiti kinadai maelezo zaidi. Waraka wa Serikali wa tarehe 4 Julai 1980 ulimpa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uwezo wa kutoa vibali kwa watumishi na wanafunzi wake kwa niaba ya Serikali na ya chombo cha utafiti cha wakati huo, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kwa utaratibu huo barua hutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa huandika kwa wilaya, wilaya kwa mtendaji wa kata, naye humwelekeza mwanafunzi kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji. Kila ngazi huongeza muhuri wake. Utaratibu huu una maana. Wananchi wana haki ya kujua ni nani anayezunguka mitaani kwao akiuliza maswali, na mwanafunzi naye hulindwa dhidi ya shuku.

Lakini muhuri hubadili lugha. Mwanafunzi anapoingia uani kwa mzee wa Ng'ambo au Kanyenye, mbele yake akiwa mjumbe wa mtaa na mkononi akiwa na barua, mzee huvaa kanzu safi na Kiswahili safi. Huzungumza kama anayehutubia baraza. Maneno ya nyumbani, yale ambayo mwanafunzi ameyafuata kwa treni usiku kucha, hubaki ndani pamoja na wajukuu. William Labov alilieleza tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970: mwanaisimu anataka kusikia watu wanavyozungumza wasipochunguzwa, na njia pekee ya kuwasikia ni kuwachunguza. Tabora tatizo hilo lina uzito wa ziada, kwa kuwa Kiswahili kimekuwa huko kwa vizazi vingi lugha ya ofisi, ya mahakama na ya kanisa. Kiwanda cha uchapaji cha wamisionari cha Kipalapala, nje kidogo ya mji, kimechapisha vitabu vingi vya Kiswahili, na mzee aliyejifunza kusoma kwa vitabu hivyo anajua vizuri sana Kiswahili gani ndicho kinachostahili mgeni mwenye barua.

Hakuna kanuni inayomlazimisha mwanafunzi aanze kurekodi siku ile ile anayotambulishwa. Ni haraka ya bajeti na ya muda inayomsukuma. Ziara ya kwanza ingekuwa ya shikamoo, ya kujieleza na kunywa chai. Mashine ingekuja siku ya tatu, mjumbe akiwa ameshaaga. Katika hesabu ya saa 100 zilizotajwa juu, siku mbili zisizo na data ni gharama ndogo, na zinaokoa data zote zinazofuata. Msimamizi anayetia saini ratiba ya utafiti isiyo na siku hizo hajaisoma kama mwanaisimu.

Aidha, kibali si ridhaa. Kibali ni ruhusa ya dola kwa mtafiti. Ridhaa ni ya mtu mwenye sauti. Wanafunzi wengi huvichanganya, pengine kwa sababu vyote huishia kwenye karatasi yenye saini. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, kuzichanganya hizi mbili si kosa la adabu peke yake: rekodi ya mtu anayejitaja jina, ukoo na mtaa ni taarifa zake binafsi, na anastahili kuambiwa zitatumikaje, zitahifadhiwa wapi na nani atazisikia. Mzee asiyesoma aelezwe kwa mdomo, na jibu lake lirekodiwe. Fomu ya kurasa tatu iliyofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza humchosha kabla hajaanza kusimulia.

Papo hapo kuna kanuni moja inayostahili kupingwa kwa heshima. Miongozo ya maadili humtaka mtafiti afiche majina ya watoa taarifa. Asili yake ni utafiti wa tiba, ambako kuficha jina la mgonjwa ni wajibu. Kwa mtu anayesimulia maradhi yake au ugomvi wa ardhi hilo linafaa. Lakini mzee anayesimulia jinsi babu yake alivyobeba mzigo hadi Bagamoyo, akitaja vituo vya njiani kimoja kimoja na jina la kila mto, si mgonjwa. Ni mjuzi. Kumwandika "Mtoa taarifa Na. 7" ni kumpokonya kazi yake. Katika tasnifu hiyo hiyo mwanafunzi huyataja kwa heshima majina ya Brode na Velten, ambao nao walikusanya maneno ya watu wengine. Kuhusu masimulizi na msamiati, mtoa taarifa angeulizwa kama anataka jina lake liandikwe, na jibu lake lifuatwe.

Suala hili lina undugu na wizi wa kitaaluma. Kanuni zote za uzamili huuadhibu, na vyuo sasa hutumia programu za kompyuta zinazolinganisha tasnifu na maandiko mengine. Programu hizo hukamata sentensi iliyonakiliwa kutoka makala ya intaneti. Haziwezi kukamata maelezo ya maana ya neno yaliyotolewa na bibi mmoja uani kwake, kisha yakaandikwa kana kwamba ni uvumbuzi wa mwanafunzi. Wala hazikamati kwa urahisi tasnifu ya zamani iliyopigwa taipu, isiyowahi kuingizwa kwenye kompyuta, iliyo rafuni tangu miaka ya 1980. Ulinzi wa vitu hivyo viwili umo mikononi mwa msimamizi na mtahini wa nje, ikiwa wanaijua kanda inayozungumzwa. Mtahini ambaye hajapata kufika magharibi ya Morogoro atasahihisha marejeo na alama za uandishi, na kuyapitisha mengine yote.

Baada ya utahini tasnifu huweza kukubaliwa kama ilivyo, kukubaliwa baada ya masahihisho madogo, kurudishwa ikafanyiwe kazi upya, au kukataliwa. Inayokubaliwa hujalidiwa, na kanuni hutaja nakala zinakotakiwa kwenda: maktaba ya chuo, idara, pengine msimamizi. Hapo safari ya data huishia, mamia ya kilomita kutoka zilikotoka. Rekodi zenyewe hazitajwi kabisa; hubaki kwenye simu au kompyuta ya mwanafunzi mpaka siku chombo kitakapoharibika. Mtafiti wa miaka thelathini ijayo ataisoma sura ya uchambuzi, lakini hataisikia sauti hata moja, na hatakuwa na njia ya kujua kama mnukuzi alisikia vizuri.

Kanuni haitaji nakala ya Tabora, wala haiikatazi. Mjini humo ipo maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ipo makumbusho ya Kwihara, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake cha mkoa. Kinachohitajika ni mstari mmoja kwenye fomu ya kuwasilisha tasnifu, chini ya ule wa maktaba ya chuo: nakala moja kwa maktaba ya mkoa ambako data zilikusanywa, pamoja na rekodi ambazo wenyewe wameridhia zihifadhiwe, na orodha ya majina ya wale waliotaka majina yao yaandikwe. Bodi ya idara inaweza kuuongeza mstari huo katika kikao kimoja, kwa sababu hauongezi krediti wala muda wa masomo, na gharama yake ni ya kujalidi kitabu kimoja na kukituma kwa treni.